Uchochezi wa karatasi moja ya daftari

Jumatano ya wiki juzi binamu yangu alishuka steji ya Kitale saa nane mchana, sanduku mkononi, sare ya shule bado mwilini. Hapa kwetu mtu akiona mwanafunzi na sanduku katikati ya muhula haulizi mengi. Ni karo, ni ugonjwa, au ni kesi. Hii ilikuwa kesi.

Yuko kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ya wasichana kaunti ya Bungoma. Jina la shule siliandiki kwa sababu bado anasoma huko. Barua aliyobeba ilikuwa na mistari minne na muhuri: amerudishwa nyumbani kwa kosa la "uchochezi miongoni mwa wanafunzi", na arudi Jumatatu na mzazi. Nikamuuliza, "Kwani ulifanya nini?" Akafungua sanduku, akatoa daftari la hesabu, akanionyesha mahali ukurasa ulichanwa. Alikuwa ameandika maswali matatu na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo karibu na bwalo la chakula. Mbona mabweni yamekaa siku tisa bila maji ya mfereji? Zile pesa za masomo ya ziada ambazo wazazi walilipa zimefanya kazi gani? Na baraza la wanafunzi litakutana lini na usimamizi kama lilivyoahidiwa? Chini kabisa akaandika jina lake na darasa lake.

Hiyo ya jina ndiyo ilinimaliza. Mchochezi gani huyo anaacha jina na darasa?

Nitangulize kusema mimi si wakili. Mimi ni mtu wa kuandika mitandaoni, na chuo niliachia mwaka wa pili. Sababu nitaieleza hapa chini kwa sababu inahusiana. Lakini Katiba ya 2010 iko kwa simu ya kila mtu mwenye bando, na imeandikwa kwa lugha ambayo hata sisi tulioacha chuo tunaielewa. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na uhuru wa kitaaluma. Kila mtu. Nenda usome kifungu cha 38 kuhusu kupiga kura uone tofauti: pale wanasema raia mtu mzima. Maana yake waandishi wa Katiba walijua kusema "mtu mzima" pale walipotaka kusema hivyo. Kwenye 33 hawakusema. Binamu yangu wa miaka kumi na saba yumo.

Halafu kifungu hicho hicho kinataja mambo ambayo uhuru huu hauyafikii: propaganda ya vita, kuchochea ghasia, matamshi ya chuki na uenezaji wa chuki. Kwa hivyo uchochezi ni neno lenye uzito wake. Katiba inazungumzia kuchochea ghasia. Haizungumzii kumfanya mwalimu aone aibu kuhusu tangi la maji. Lakini ukizunguka shule za Trans Nzoia na Bungoma ukawauliza wanafunzi waliowahi kurudishwa nyumbani barua yao ilisema nini, neno hilo utalisikia kama chumvi kwenye githeri. Aliyeuliza karo ni mchochezi. Aliyekataa kunyolewa ni mchochezi. Aliyeandika shairi ni mchochezi.

Na hapo nafika Butere, ambako si mbali. Toka Bungoma, pitia Mumias, umefika.

Mwaka 2013 wasichana wa Butere walikuja na mchezo wa "Shackles of Doom", uliogusa ukabila na namna mali ya nchi inavyogawanywa. Ukapigwa marufuku, sababu ikiwa eti unachochea chuki ya kikabila. Okiya Omtatah, ambaye baadaye alichaguliwa seneta wa Busia, akaenda Mahakama Kuu na mahakama ikaondoa marufuku hiyo. Tukadhani imeisha. Miaka 12 baadaye, shule ile ile, mwandishi yule yule, Cleophas Malala, wakaja na "Echoes of War", kuhusu vijana katika nchi ya kubuni iliyotoka vitani. Ukazuiwa tena. Mahakama Kuu ikasema tena waachwe waigize. Malala akakamatwa kabla ya siku yenyewe. Na asubuhi ya Aprili 10, 2025, huko Nakuru, katika Shule ya Wasichana ya Kirobon, wale wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Walisema hawataigiza bila mwelekezi wao, bila vifaa, bila watazamaji. Nje polisi walikuwa wakirusha vitoza machozi.

Nimetazama ile video mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali. Kinachoniuma si kwamba walikosa haki mahakamani, kwa sababu haki waliipata. Agizo la jaji lilikuwa upande wao. Lakini agizo ni karatasi, na kati ya karatasi na jukwaa kulikuwa na watu wazima wenye funguo, wenye magari na wenye gesi. Kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo ya kuzuia, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kusema, "Mimi napinga Katiba."

Najua jibu lenu, kwa sababu nimelisikia hata nyumbani: Malala ni mwanasiasa, aliwatumia watoto. Sawa, ni mwanasiasa. Aliwahi kuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa UDA, na sidhani aliandika ule mchezo akiwa amesahau siasa. Lakini tangu lini mchezo wa shule ukaandikwa na mwanafunzi? Tamasha za drama nchi hii zimejengwa juu ya michezo iliyoandikwa na watu wazima. Ule wa kusifu serikali unapoigizwa, hatusikii mtu akilia kwamba watoto wametumiwa.

Huku Magharibi tuna historia ndefu ya watu walioambiwa wanyamaze, na inashangaza kwamba shuleni tunaipitia haraka. Elijah Masinde wa Kimilili, mtu wa Dini ya Msambwa, alipowapinga wakoloni walimfunga na hata wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Dini yake ikapigwa marufuku mwaka 1948. Baada ya uhuru, serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena. Titus Adungosi, mwana wa Teso, alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, mwaka 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti akafungwa miaka 10 kwa uchochezi, ndiyo, neno lile lile, na akafia gerezani mwaka 1988. Wafula Buke akachukua uenyekiti huo mwaka 1987, akafungwa miaka 5, na SONU ikapigwa marufuku. Hawa ni wanafunzi. Walikuwa na umri wa wewe unayesoma hii ukiwa kwenye matatu.

Wakati huo sheria yenyewe ilikuwa mbaya. Leo sheria imesafishwa sana. Mwaka 2015 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi alihukumiwa kifungo kwa maneno ya Facebook kumhusu rais, na sehemu moja ya mashtaka ilitokana na kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ikakitupa nje kifungu hicho. Mwaka 2016 ikatupa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, mwaka 2017 ikatupa kosa la jinai la kuharibia mtu jina. Hata hivyo Novemba 2024 mwanafunzi mwingine wa Moi akakamatwa na kushtakiwa kwa picha ya jeneza iliyomhusu rais, safari hii kwa sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018. Mlango mmoja ukifungwa wanatafuta dirisha.

Lakini wengi wetu hatutawahi kufika kizimbani. Sisi tunanyamazishwa kwa njia ya bei rahisi zaidi, kwenye ofisi ndogo yenye kalenda ya benki ukutani, na ndiyo maana naandika.

Yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja, sitakitaja. Alama za masomo mawili zikapotea, si zangu tu, za karibu nusu ya darasa. Ukienda ofisi hii unaambiwa nenda ile. Usiku mmoja nikaandika maneno marefu kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, kama sentensi kumi. Tisa zilikuwa kweli, na tarehe niliweka. Ya kumi nikasema mhadhiri fulani anauza alama. Hiyo sikuwa na ushahidi. Nilikuwa nimesikia tu, kama kila mtu. Asubuhi mtu alikuwa amepiga skrinishoti na kuipeleka ofisini. Sijawahi kujua nani, na nimeacha kukisia.

Mama yangu huuza mitumba soko la Kitale. Alifunga kibanda siku nzima, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaja. Kamati ya nidhamu ilikuwa watu watano. Mmoja akamuuliza, "Mama, unajua kijana wako ni mwanaharakati?" Mama hakulijua hilo neno vizuri, lakini kwa vile lilivyosemwa alielewa ni kama ugonjwa. Akanigeukia: "Baba, omba msamaha turudi nyumbani." Barua ilikuwa tayari imeandikwa. Nilitia sahihi, naye akatia sahihi chini yangu. Hakuna mtu aliyenisomea mashtaka. Hakuna aliyeuliza kama zile sentensi tisa ni kweli. Kama wangeniadhibu kwa ile ya kumi, leo nisingekuwa na neno, kwa sababu Katiba hiyo hiyo inanitaka niheshimu haki na jina la mwenzangu. Barua ilisema nimekiri "kuleta chuo katika sifa mbaya". Ile ya kumi haikutajwa hata mara moja.

Watu hupenda nikisema nilifukuzwa, inasikika kishujaa. Sikufukuzwa. Nilisimamishwa muhula mmoja, karo ya muhula huo ikaliwa, iliyofuata haikupatikana, na aibu ya kumwona mama akiinama mbele ya wale watu ilifanya nisitake kurudi. Niliacha mwenyewe. Alama za darasa zilipatikana baadaye, naambiwa.

Miaka imepita ndipo nikajua kuna kifungu cha 47. Kinasema kila mtu ana haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki na zinazofuata utaratibu, na kama haki yako inaguswa vibaya, upewe sababu kwa maandishi. Sheria ya kutekeleza kifungu hicho ilitoka mwaka 2015: ujulishwe mapema, usikilizwe, uambiwe unaweza kuomba marudio. Kwa shule za upili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imempa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika bodi ya shule. Umewahi kumwona? Binamu yangu ni mwanachama wa baraza hilo na hakuwahi kusikia kuhusu hicho kiti. Vyuo vikuu navyo, tangu marekebisho ya sheria mwaka 2016, viongozi wa wanafunzi wanachaguliwa kupitia wajumbe, si kura ya kila mwanafunzi. Wajumbe wachache ni rahisi kuwapigia simu usiku kuliko wanafunzi elfu kadhaa. Sisemi zaidi.

Upande wa pili una hoja, na nisipoitaja nitakuwa mwongo. Mwalimu mkuu analala na watoto mia nane nyuma ya ukuta mmoja. Anakumbuka Kyanguli, Machakos, Machi 2001, ambapo moto uliowashwa bwenini uliua wavulana zaidi ya 60. Akiona karatasi ubaoni haoni maji, anaona petroli. Namwelewa. Ila nauliza: mwanafunzi anayepanga kuchoma bweni hubandika maswali na kuandika jina? Yule wa kuogopwa ni aliyenyamaza. Ukiondoa karatasi ubaoni hujaondoa hasira, umeondoa tu dalili ambayo ungeiona mchana.

Marekani walilipitia swali hili zamani. Desemba 1965, huko Des Moines, wanafunzi wachache walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Wakafukuzwa kwa muda. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya huko ikawapa ushindi, majaji 7 kwa 2. Haikusema mwanafunzi aseme lolote popote. Ilisema shule ikitaka kumzuia lazima ionyeshe kwamba masomo yangevurugika kweli, hofu tupu haitoshi. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini kifungu chetu cha 24 kinaelekea huko huko: anayepunguza haki yako ndiye anayepaswa kueleza kwa nini, na kwa nini hakuna njia nyepesi zaidi. Siku tisa bila maji, karatasi moja. Masomo yalivurugwa na nini?

Sasa, kwa wewe ambaye barua yako inakuja, kwa sababu itakuja. Usitie sahihi kitu siku hiyo hiyo. Omba nakala, omba muda, omba kosa liandikwe kwa maneno yanayoeleweka. Andika tarehe ya kila ofisi uliyopelekwa. Futa ile sentensi ya kumi kabla hujatuma. Na kama imefika mbali, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ina ofisi hapa Kitale, na Mahakama Kuu iko Kitale na Bungoma. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za msingi, na mtu mwingine anaweza kuifungua kwa niaba yako. Kwa ukweli wote, wazazi wengi hawatafika huko. Siku moja ya soko ikipotea, chakula cha jioni kimepotea. Ndiyo maana zile hatua za mwanzo, za kuomba maandishi tu, ndizo ninazozisisitiza. Hazina nauli.

Jumatatu nilienda mimi, kwa sababu shangazi yangu hakuruhusiwa kazini. Miaka 26, naitwa mzazi. Tulipanda ya saa kumi na mbili, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, binamu yangu kimya njia yote, sanduku magotini. Mfukoni nilikuwa na kurasa tatu za Katiba nilizoprinti saiba. Nilipanga hotuba.

Hotuba sikuitoa. Tulipoingia nikaona mikono ya binamu yangu inatetemeka, nikajua nikianza kupiga kelele nitapanda matatu jioni nirudi Kitale, na yeye atabaki hapo na hao watu hadi kidato cha nne. Nikasema tu, "Madam, tunaomba utuonyeshe neno lenye uchochezi."

Naibu wa mwalimu mkuu alifungua faili, akatoa ile karatasi, akaisoma kimoyomoyo. Alichukua muda. Kisha akasema, "Mzazi, si neno. Ni namna alivyoiweka. Angekuja kwangu kwanza."

"Nilikuja mara mbili, Madam," binamu yangu akasema. "Mlikuwa mkutanoni."

Walimtaka aandike barua ya kukiri uchochezi. Alikataa, kwa sauti ndogo sana, na ningependa kusema nilimfundisha mimi lakini hapana. Akaandika kwamba anaomba radhi kwa kubandika karatasi bila ruhusa, na kwamba bado anaomba majibu. Naibu aliisoma mara mbili, akaipokea, akamwambia aende darasani. Tulipoomba ile barua ya kwanza iondolewe kwenye faili, tuliambiwa hilo ni la mwalimu mkuu na hayupo. Niliomba hilo nalo liandikwe. Halikuandikwa. Nimerudi kuuliza kwa simu mara mbili.

Nikitoka nilipita karibu na bwalo. Wasichana walikuwa wamepanga foleni ya ndoo kwenye mfereji mmoja nyuma ya jikoni. Ule ubao wa matangazo umewekewa mlango wa kioo na kufuli mpya. Ndani kulikuwa na ratiba ya chakula ya muhula uliopita.